Mama Anakwenda Bulaya Kuwatukana Wajukuu

Dada yangu mkubwa alijifungua mapacha Ubelgiji, katika mji wa Liège, ambako mume wake alikuwa akisomea uinjinia. Nyumbani kwetu Kolwezi habari hiyo ilipokelewa kwanza kwa kelele, kisha kwa kimya. Kelele zilikuwa za mama. Alitoka jikoni na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, akacheza kuzunguka ua, akaita majirani wa kushoto na wa kulia. Kimya kilikuja baba alipofika mwisho wa barua. Dada aliandika kwamba mtoto wa pili hanyonyi vizuri, na kwamba wote wawili wanalia mpaka wanaishiwa sauti. Daktari amewapima na hakuona kitu. Chini kabisa alikuwa ameandika, "Mama, hakuna mtu aliyewapokea."

Sisi ni watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa Katanga kufanya kazi ya shaba, baba akazaliwa hapa, na mimi vilevile, lakini mambo ya mapacha hayakuachwa njiani. Kwetu mapacha, au mapasa kama tunavyowaita, si watoto tu. Ni wageni wakubwa, wana kiburi cha machifu. Wakifika mahali wakakuta watu wamekaa kwa adabu, wanaona hawatakiwi, na wanaweza kurudi walikotoka. Ili wajue kwamba wanatakiwa, lazima watukanwe. Ukoo hukusanyika, ngoma hupigwa, na watu huimba nyimbo za kumtukana baba yao, mama yao na mabibi zao, wakitaja viungo vya mwili ambavyo siku nyingine havitajwi mbele ya watu. Siku hiyo hata mkwe humtukana mkwe. Katika ukoo wetu anayeongoza nyimbo hizo ni bibi mzaa mama. Asipokuwapo, watu wanaweza kuimba wapendavyo, lakini nyimbo hazina mwenyewe.

Na bibi mzaa mama alikuwa Kolwezi, amekaa juu ya kiti kidogo, ameshika bahasha ya barua kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

"Mi nitaenda," alisema.

Baba alicheka kidogo, akamwuliza kama anafikiri Bulaya, yaani Ulaya, ni mji wa jirani kama Likasi.

"Likasi ao Bulaya, bale batoto beko banangoja matusi yabo."

Baba hakucheka tena. Alimjua mke wake. Kesho yake alikwenda kuuliza habari za pasipoti kabla ya kwenda kazini.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila karatasi ina mama yake, na mama huyo naye ana mama yake. Visa ilitaka pasipoti, na pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa. Mama alizaliwa kijijini Kasai, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na kalamu siku hiyo. Basi ilibidi aende mbele ya hakimu na mashahidi walioshuhudia kuzaliwa kwake. Baba alileta tata mmoja, kama tunavyomwita mwanamume wa heshima, wa kanisani kwetu, mtu mwema sana, mwenye hamu ya kusaidia. Hakimu alimwuliza kama kweli alikuwapo mama alipozaliwa. Tata akajibu kwa sauti kubwa kwamba alikuwapo. Hakimu akamwuliza umri wake. Tata akautaja, na hapo mama mwenyewe akaanza kucheka, kwa sababu alikuwa amembeba tata huyo mgongoni akiwa mtoto mchanga. Hakimu aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akamwambia baba, bila hasira, alete mtu mwenye mvi.

Baba alipata mama mmoja mzee wa kambi ya jirani, aliyetoka kijiji kile kile. Yeye alikuwapo kweli. Alimweleza hakimu habari za uzazi ule kwa urefu, mvua ilivyonyesha, nani alishika miguu na nani alishika mgongo, mpaka hakimu akainua mkono akamwomba apumzike. Cheti kikatoka.

Mambo mengine yalifuata polepole. Katika ofisi walimwita mama citoyenne, yaani mwananchi, akageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Jina lake la ubatizo halikuruhusiwa kuandikwa, kwa sababu miaka ile ya Zaire serikali ilikuwa imetuambia turudi kwenye majina ya mababu. Mama alisema haidhuru, Mungu anamjua kwa sura. Alipigwa picha, alidungwa sindano, akaombewa ruhusa ya kutoka nchini. Kutoka Ubelgiji ilihitajika karatasi ya mtu atakayemlisha na kumlaza akiwa huko. Shemeji yangu alikuwa mwanafunzi, hakukubaliwa, na mwishowe mwalimu wake ndiye aliyetia sahihi. Mama hakuelewa kwa nini mzungu asiyemjua aahidi kumlisha. Alianza kumwombea kila jioni, pamoja na mapacha.

Kati ya waliobaki mtaani kwetu, mtu mmoja tu alikuwa amewahi kupata visa. Alikuwa jirani yetu Mwislamu, mtu wa asili ya Kasongo, mwenye lori la kusafirisha mizigo kutoka Dilolo mpaka Lubumbashi. Alikuwa amekwenda Maka, na sote tulimwita tata Haji. Baba alimwalika aje kumfundisha mama. Tata Haji alikunywa chai yake yote kwanza, kisha akasema maneno machache.

"Mama, jibu kile banakuuliza, kisha funga kinywa. Na usidanganye. Mutu mwenye kudanganya, macho yake yanatangulia kumusema."

Baba alishukuru, lakini niliona uso wake umebadilika. Kulikuwa na jibu moja ambalo hakutaka mama alitoe.

Ni mimi niliyepangwa kumsindikiza mama Lubumbashi na kumfasiria. Baba hakupata ruhusa kazini. Kaka yangu alikuwa Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi, na mdogo wangu alikuwa bado anachezea udongo. Nilikuwa msichana mkubwa aliyemaliza shule ya msingi tu. Kifaransa changu kilikuwa cha ubaoni: ng'ombe yuko malishoni, baba anasoma gazeti. Tena nilikuwa na haya. Wageni walipokuja nyumbani nilipita nyuma ya nyumba ili nisiwasalimu. Hata sasa ninaona heri kuandika, ingawa ninaandika taratibu, kuliko kusema.

Baba akaamua tufanye mazoezi. Jioni alivaa abakosti, suti yake ya sikukuu isiyo na tai, akaweka meza uani, akakaa nyuma yake, akawa balozi. Majirani walileta viti vyao kuangalia. Baba aliuliza kwa Kifaransa, mimi nikafasiri, mama akajibu, nami nikarudisha jibu kwa sauti ya kunong'ona. Baba akaweka mkono sikioni.

"Muzungu atakusikia na nini? Na pua?"

Watu walicheka, nami nikatazama chini. Mama akanigusa goti kwa goti lake chini ya meza, akaniambia niendelee.

Baba akamwuliza mama anakwenda kufanya nini Ubelgiji. Mama akajibu kama alivyofundishwa, kwamba anakwenda kuwaona wajukuu. Lakini alilisema kama mtu anayemeza kwinini, na baba aliporudia swali alishindwa kuvumilia.

"Kuona, kuona. Kama ni kuona, nitaona picha. Mi naenda kubatukana."

"Matusi yako bakisha mu valizi," baba alisema. "Utafungua valizi ukifika."

"Na kama balozi anauliza valizi iko na nini?"

Baba alivua abakosti. Mazoezi yakaisha hivyo, na majirani wakarudisha viti vyao wakiwa na furaha kuliko sisi.

Tulisafiri katika lori la tata Haji, juu ya kiti cha mbele, mama katikati. Alikuwa amefunga karatasi zake zote ndani ya kitenge na kujifunga tumboni, kwa hiyo kila tulipopita shimo alishika tumbo kama mja mzito. Tata Haji alimtania kwamba akifika atazaa pasipoti. Njiani mama hakuongea sana. Baada ya Likasi aliniuliza kama mtoto asiyenyonya anaweza kungoja muda mrefu. Nilimwambia Bulaya kuna maziwa ya kopo. Akaniambia hakuuliza habari za maziwa.

Tulilala kwa ndugu wa baba, na asubuhi tukawa kwenye ubalozi mdogo wa Ubelgiji, ndani ya chumba chenye mabenchi, tukingojea kuitwa.

Mzungu aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mikono ya shati ameikunja, na macho yake yalikuwa yamechoka lakini hayakuwa mabaya. Pembeni, kwenye meza nyingine, alikaa tata mmoja mwenyeji mwenye miwani, akipiga mihuri. Tulianza vizuri. Mzungu aliuliza jina, nikajibu. Aliuliza habari za baba na kazi yake, za nyumba, za watoto. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka, na yeye aliinama mbele ili anisikie. Aliuliza mama anakwenda kufanya nini. Kuwaona wajukuu, nilisema. Akaandika.

Kisha akauliza swali ambalo baba hakulifikiria. Alisema huko Ubelgiji kuna hospitali nzuri, na wauguzi wanaopita nyumbani kwa wazazi wapya. Mama atafanya nini ambacho hao hawawezi?

Nilimfasiria mama. Nilimnong'oneza kwamba aseme atasaidia kupika na kufua. Mama alitazama ukuta, pale palipokuwa na picha ya mji wenye mvua. Nilijua anafikiri maneno ya tata Haji na maneno ya baba, na kwamba hayawezi kukaa pamoja.

"Mwambie naenda kubatukana," alisema.

"Mama, baba alisema..."

"Baba yako hayuko hapa. Huyu njo iko hapa, na anauliza. Mwambie."

Masista wa shule walitufundisha Kifaransa cha mambo mengi, lakini si cha jambo hili. Nilitafuta neno laini sikulipata. Basi nikasema nililokuwa nalo. Nilimwambia mzungu kwamba mama yangu anakwenda Ubelgiji kuwatukana watoto.

Akaweka kalamu chini. Aliniuliza watoto gani. Nikasema wale mapacha. Aliuliza tena umri wao, ingawa alikuwa ameuandika mwenyewe muda mfupi uliopita. Kisha, kwa sauti ya upole zaidi, kama ya padri, aliuliza kama kuna ugomvi katika familia. Nilipomfasiria mama, alishtuka.

"Magomvi? Mi niko na magomvi na batoto ba kunyonya?"

Sikujua namna ya kurudisha jibu hilo. Niliona safari ya mama inaanguka pale mezani, na mimi ndiye niliyeisukuma, nikafikiria dada yangu akisikia kwamba hakuna anayekuja.

Muhuri ulikuwa umenyamaza. Yule tata mwenye miwani alisimama, akaja mpaka mbele ya mama, akamwuliza kwa Kiluba, lugha yetu ya Kasai, kama yeye ni bibi wa mapacha. Mama akasema ndiyo, mzaa mama. Tata akavua miwani. Alinyoosha nguo zake, akainamisha kichwa kwa heshima kama mbele ya altare, akamtukana.

Alimtukana kwa ufundi, kuanzia kichwani. Neno la adabu kuliko yote lilihusu makalio. Na uso wa mama, ambao tangu barua ya dada ulikuwa umefungika, ulifunguka wote. Alimwacha amalize. Kisha akasimama naye, akashika kiuno, akamjibu kwa sauti ya chini, maana tulikuwa ofisini, lakini kwa maneno ambayo sikujua kama mama anayajua. Tata alipiga makofi kwa adabu. Akamshukuru. Mama akamshukuru pia, wakashikana mikono, mama akakaa.

Mzungu aliniuliza wamesema nini.

Nilijibu kwamba siwezi kufasiri. Akaniuliza kama sijui Kifaransa cha maneno hayo. Nikasema sijui, lakini hata ningejua nisingeweza, kwa sababu mama yuko hapa.

Nadhani hapo ndipo alipotabasamu mara ya kwanza. Alimgeukia yule tata, wakaongea Kifaransa cha haraka ambacho sikukifuata chote. Nilisikia tata akisema kwamba yeye ni baba wa mapacha, sasa ni vijana, na kwamba walipozaliwa mama mkwe wake alimtukana tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Akasema kama mama mkwe asingekuja, yeye angelia. Hakusema kwa mzaha. Mzungu alimsikiliza, akamtazama mama, ambaye alikuwa amerudi kukaa vizuri, mikono juu ya mapaja, kama mama wa kanisa alivyo.

Lilibaki swali moja, nalo tulikuwa tumelifanyia mazoezi: atarudi? Nilimtazama mama kwa hofu, nikingoja jibu la baba, la nyumba na shamba na watoto.

"Nikae kule juu ya nini?" mama alisema. "Mume yangu hajui kupika bukari. Anapika uji, anaita bukari."

Nilifasiri hivyo hivyo. Nilikuwa nimechoka kuchagua maneno. Mzungu akaandika, akasema kwamba karatasi yake haina nafasi ya matusi, kwa hiyo ameandika ziara ya kifamilia. Akatuambia tungoje kwa ndugu yetu, jibu litatoka wiki ile. Kwa ndugu yetu mama hakulala vizuri. Aliniuliza mara nyingi kama nilisema yote. Nilimwambia nimesema yote isipokuwa yale ya tata. Akasema yale hayakuwa ya mzungu.

Yule tata mwenye miwani ndiye aliyeturudishia pasipoti, ikiwa na visa ndani. Alimtuma mama awatukane wale wa Liège kwa niaba yake pia. Mama alimwahidi.

Nauli ilichangwa na ukoo na kanisa. Mama aliondoka na sanduku lenye sombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa na vitenge, na mtaa mzima ulimsindikiza mpaka kwenye lori. Alikaa huko muda wote aliopewa. Nyumbani tulikula uji wa baba. Barua ya dada ilikuja, ilikuwa fupi, ilisema mama amefika na mambo ni mazuri, lakini haikusema tulichotaka kujua. Baba aliisoma tena na tena kama vile maneno mengine yangejitokeza.

Mama aliporudi, akiwa amenenepa kidogo usoni, watu walijaa uani. Mmoja alitaka kujua habari za baridi, mwingine za magari, mwingine kama kweli mbwa wanalala kitandani. Baba aliwanyamazisha. Alivuta kiti karibu na cha mama.

"Uliwatukana?"

"Niliwatukana."

"Muzuri?"

Mama akaanza kueleza. Nyumba ya dada ilikuwa juu, ghorofani, na ukuta wake mwembamba. Dada na shemeji walimwomba aimbe polepole kwa sababu ya majirani. Alijaribu. Alisema kutukana kwa kunong'ona ni kama kupiga ngoma kwa pamba. Watoto walimtazama tu, na yule wa pili aliendelea kulikataa ziwa. Basi Jumapili shemeji akawaita wanafunzi wenzake wa Zaire, wakaja na wake zao. Ngoma haikuwapo, wakageuza beseni la kufulia. Mama akafungua kinywa.

Walikuwa katikati ya wimbo mlango ulipogongwa. Alikuwa mwanamke mzee wa kizungu anayekaa chini yao, amevaa koti la nyumbani, amekasirika. Dada aliogopa. Shemeji akaanza kuomba msamaha. Lakini mama aliona mwanamke mzee amekuja peke yake katika nyumba ya mapacha, siku ya kuwapokea, na kwetu mtu wa namna hiyo haachwi mlangoni. Alimshika mkono akamwingiza. Alimtukana, kwa Kiluba, kwa heshima zote zinazostahili umri wake, akamweka kwenye kiti kizuri, akampa mtoto wa pili amshike.

"Yule mama akauliza nasema nini," mama alitueleza. "Mutoto yako akamwambia ninamusalimia."

"Na yeye?"

"Akasema aksanti. Akabaki. Alisema aliwahi kulea batoto bane, wote beko mbali."

Mwanamke yule alimshika mtoto mpaka nyimbo zikaisha. Kesho yake aligonga tena, safari hii na sufuria ya supu. Alikuja karibu kila siku, na mama kila siku alimtukana mlangoni, kwa sababu hakujua salamu nyingine ya Kifaransa isipokuwa bonjour, na bonjour aliiona haitoshi kwa rafiki.

Baba alikuwa bado hajaridhika. Aliuliza habari za mtoto.

"Yule wa pili?" mama alisema. "Ile usiku ananyonya. Ananyonya sana, mpaka dada yako wa huko," akanitazama mimi, "akaanza kulia juu ya maumivu. Nikamwambia lia, hii njo kilio tulikuwa tunatafuta."

Baba aliinuka, akaenda jikoni. Tulimsikia akifungua kopo la unga na kutafuta mwiko. Mama alimwita arudi, akamwambia aache, mpishi mwenyewe amerudi sasa, na baba akajibu kutoka ndani kwamba leo atapika yeye.